Nyota Tano za Siku ya Tisa

Mwezi Julai, mwaka juzi, niliandika maneno yafuatayo na kuyatuma pamoja na picha ya mkono wangu niliokuwa nimeukunja mbele ya kioo: "Siku tisa tu nimeongezeka kilo mbili na ushee. Mwili unajaa, nguvu zimepanda, chuma nilichokuwa nakiogopa sasa nakichezea. Anayesita, shauri yake." Juu ya maneno hayo nikaweka nyota tano. Sikulipwa kuyaandika na sikudanganya. Kila neno lilikuwa kweli kwa kadiri nilivyojua siku ile. Kilichonichukua karibu mwaka mzima kukielewa ni kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu kuhusu kopo la virutubisho vya misuli na bado asiwe amemwambia msomaji wake chochote kuhusu kopo lenyewe.

Ninatunza hesabu katika duka la pembejeo za kilimo huku Mwanjelwa, jijini Mbeya. Tangu nimalize kidato cha sita uzito wangu ulikuwa umegoma kwenye kilo 58, kiasi kwamba shati lolote nililovaa lilining'inia kama lililoanikwa kambani. Mwezi Mei nikajiunga na ukumbi wa mazoezi ulioko mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, banda la mabati ambalo nusu ya vyuma vyake vimechomelewa na fundi kutokana na ekseli na rimu za magari chakavu, na haukupita muda nikaanza kusikia habari za kopo moja jeusi lenye maandishi ya dhahabu, linalouzwa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam kwa njia ya simu na kutumwa kwa basi. Usiku mmoja wa baridi, nikiwa nimejifunika blanketi mbili, nilisoma maoni yote 43 ya watumiaji yaliyokuwa chini ya picha ya kopo hilo. Walikuwamo waliosifu ladha, waliosifu misuli, waliomshukuru Mungu, na mmoja ambaye sifa yake kubwa ilikwenda kwa kifuniko kwa kuwa kinafunga barabara. Huyo wa kifuniko nilimcheka. Wengine wote niliwaamini, kwa hoja moja iliyoonekana haina jibu: watu 43 hawawezi kukosea kwa pamoja.

Kopo la kilo 3 lilinigharimu shilingi 185,000 mbali na nauli ya mzigo. Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi kinachosema kwamba mteja atakayeweka nyota tano pamoja na picha atapunguziwa shilingi 15,000 katika ununuzi unaofuata. Nilikiona, nikakiweka kando. Najiambia hadi leo kwamba furaha yangu ndiyo iliyoandika yale maoni, wala si kile kikaratasi, lakini nikiwa mkweli, sijui kama ningesumbuka kupiga picha laiti kisingekuwapo.

Sasa nieleze jinsi nilivyozipata zile kilo mbili na ushee, maana humo ndimo mlimo na mambo. Mara ya kwanza nilijipima asubuhi ya Jumamosi kabla ya chai, nikiwa na kaptula, juu ya mizani ya dukani tunayopimia mbolea ya rejareja, ikasoma kilo 58.4. Mara ya pili ilikuwa siku ya tisa, mchana baada ya wali maharage, nikiwa na sweta zito na viatu vya ngozi, kwa kuwa Julai ya Mbeya haimruhusu mtu avue nguo kwenye ghala la sakafu ya saruji. Mizani ikasoma 60.8. Mimi ambaye kila siku huwarudisha vibarua wakitaka kupima gunia bila kuondoa uzito wa kifungashio, sikukumbuka kujiondolea sweta.

Baada ya wiki tano hivi, kijana mmoja dereva wa bajaji anayeegesha Kabwe alinifuata tukiwa tunamaliza mazoezi. "Shikamoo kaka," akasema, "mimi lile kopo nimelinunua kwa sababu yako." Alikuwa ameitambua fulana yangu kwenye picha. Fedha zenyewe alikuwa amezitoa kwenye hesabu ya bosi, akitegemea kuifidia kidogo kidogo kwa kuchelewa kulaza bajaji usiku, na tangu siku ya pili ya kulitumia kopo alikuwa anaharisha na hapati usingizi. Hakuja kunilaumu. Alikuja kuniuliza kama na mimi mwanzoni niliumwa, kwa sababu mimi sikuandika. Alikuwa ameshaandaa maoni yake kwenye simu, nyota moja na neno moja tu: "Sumu."

Nilimwomba asitume kwanza. Jumapili iliyofuata tukaenda wote kwa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa kemia wa sekondari, tukaliweka kopo mezani kama mgonjwa. Dada aliligeuza mgongo, akavaa miwani, akaanza kusoma maandishi madogo ambayo mimi na yule kijana hatukuwa tumeyasoma hata mara moja, ingawa tulisoma maoni yote 43.

Kipimo kimoja kilikuwa gramu 150, kumaanisha kwamba kopo zima lilikuwa na vipimo 20, yaani zaidi ya shilingi 9,000 kwa kipimo. Katika gramu hizo 150, protini ilikuwa gramu 30 na wanga gramu 105. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito, kinachozidi kikitangulia, na kilichotangulia pale hakikuwa protini bali maltodekstrini, ambayo dada alitueleza kuwa ni wanga uliovunjwavunjwa, mara nyingi ule unaotokana na mahindi. Nilikaa kimya kwa muda. Mimi ninayeishi katikati ya magunia ya mahindi nilikuwa nimeagiza mahindi kutoka ng'ambo kwa bei ya mbegu chotara.

Chini kabisa palikuwa na kitu kilichoitwa mchanganyiko maalumu, gramu 7 kwa jumla, wenye kreatini, beta-alanini, kafeini (kile kichangamsho cha kwenye kahawa) na vinginevyo, bila kutaja kila kimoja ni kiasi gani. Hapo ndipo mambo ya kijana wa bajaji yalipoanza kufunguka. Alikuwa akikoroga kipimo chake saa nne usiku baada ya kulaza chombo, na kafeini haijali kwamba mtu anataka kulala. Kuhusu tumbo, dada alimuuliza kama huwa anakunywa maziwa mabichi. Akajibu kwamba tangu utotoni yakimgusa tu humharibu, yeye hunywa mtindi. Protini ya kopo lile ilikuwa whey, yaani protini itokanayo na majimaji ya maziwa, tena isiyochujwa sana, ambayo hubaki na sukari ya maziwa iitwayo laktosi, na watu wazima wengi barani Afrika huimeng'enya kwa shida. Kwenye mtindi sehemu ya sukari hiyo huwa imeshaliwa na bakteria. Kwa hiyo nyota yake moja nayo ingekuwa kweli tupu, na nayo isingemwambia msomaji kama kopo linajenga misuli au halijengi. Ingemweleza tumbo la kijana mmoja na saa zake za kulala.

Zamu yangu ilipofika, dada hakunionea huruma. Kipimo kimoja kilikuwa na kalori zipatazo 580, na mimi niliongeza hizo juu ya chakula changu cha kila siku. Yeyote anayeongeza kalori 580 kila siku atanenepa, hata akizipata kwa maandazi. Kreatini nayo huvuta maji ndani ya misuli, na mtu anayeianza, hasa kwa dozi kubwa ya gramu 20 kwa siku ambayo wengine huitumia katika wiki ya kwanza, anaweza kuongezeka kilo moja hadi mbili kwa siku chache, sehemu kubwa ikiwa ni maji. Wanga uliohifadhiwa mwilini pia hukaa pamoja na maji, yapata gramu 3 za maji kwa kila gramu moja. Ongeza wali, ongeza viatu, ongeza sweta. Nyama halisi ya misuli haijengwi kwa kasi ya kilo mbili kwa siku tisa kwa mtu yeyote anayekula na kulala kama sisi.

"Lakini nguvu zilipanda, dada," nikajitetea, "hilo sikulipima kwa mizani." Akaniuliza nilianza mazoezi lini. Nikamwambia Mei. Akacheka. Katika wiki za mwanzo mtu hupanda nguvu haraka hata bila kopo, kwa kuwa mishipa ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli iliyopo kabla misuli yenyewe haijanenepa. Nilikuwa nimelianza kopo katikati ya msimu wangu wa neema, nikalipatia kopo sifa zilizostahili mvua.

Usemi huo wa mvua ni wangu, na ndio ulionirudisha dukani. Kila mwaka wakulima hutuletea ushuhuda wa aina hii. Mmoja atasema mbolea fulani ndiyo mwisho, alivuna gunia 30 kwa ekari; ukimuuliza mvua zilikuwaje, alipanda mbegu gani, jirani yake asiyeweka mbolea hiyo alivuna ngapi, anakukasirikia. Tena anayerudi dukani kusimulia ni yule wa gunia 30 anayetaka kusifu na yule wa gunia 4 anayetaka kupigana. Wa gunia 15, ambao ndio wengi, hawarudi na neno. Watarudi msimu ujao kununua au wataenda duka la jirani. Ndiyo sababu watafiti wa kilimo wa kituo cha TARI Uyole hawakusanyi ushuhuda, bali hupanda vipande viwili bega kwa bega, mbegu ileile, siku ileile, kimoja kikiwa na mbolea na kingine bila. Mkono wangu haukuwa na kipande cha pili. Hakuna hata mmoja kati ya wale 43 aliyekuwa nacho.

Niliyasoma upya yale maoni, safari hii nikiwa na daftari la mistari, nimelichora safu kama ninavyofanya kwa wadaiwa wa duka: ametumia siku ngapi, alianza mazoezi lini, anakula nini, amepewa nini kwa kuandika. Safu nyingi zilibaki tupu. Waliotaja muda, wengi wao walikuwa chini ya wiki mbili, yaani ndani ya siku zilezile za maji na furaha zilizonipata mimi. Aliyetaja chakula alikuwa mmoja, naye alisema ameanza kula mayai manne kila asubuhi, jambo ambalo kwangu lingetosha kueleza mengi. Maoni matatu, kutoka kwa majina matatu, yalikuwa na sentensi ileile neno kwa neno, na yote matatu yaliandika "misuri" badala ya misuli. Kikaratasi cha shilingi 15,000 hakikutajwa na yeyote, mimi nikiwamo. Baadaye nilisoma kwamba Marekani, kwa kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza kutumika Oktoba 2024, ni kosa mfanyabiashara kutoa zawadi kwa sharti kwamba maoni yawe ya kusifu. Kule walilazimika kulitungia kanuni; hapa mimi nililipokea kama takrima.

Ninaloliheshimu zaidi katika yote aliyosema dada ni swali lake moja. "Mdogo wangu," aliuliza, "hawa watu 43, protini waliipimia wapi?" Ulimi hauwezi kutambua kama kipimo kina gramu 30 za protini au 18. Hata maabara zenyewe, kwa njia ya Kjeldahl inayotumika tangu mwaka 1883, hazihesabu protini moja kwa moja, zinahesabu nitrojeni na kukadiria protini kutokana nayo. Mwanya huo ndio uliotumiwa nchini China katika kashfa ya mwaka 2008, pale maziwa yaliyotiwa maji yalipochanganywa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili kipimo kionekane sawa, na maelfu ya watoto wachanga wakaugua figo. Kwenye makopo ya misuli hila huwa ndogo zaidi: hutiwa asidi za amino za bei rahisi kama glisini au taurini, ambazo nazo zina nitrojeni, kipimo kikapanda, na lebo ikasoma vizuri. Kama maabara inaweza kuzungukwa namna hiyo, mimi na kioo changu tulikuwa mashahidi wa nini?

Hata msisimko unaosifiwa na wengi haupimi kitu. Walikuwapo walioandika kwamba baada ya dakika 20 ngozi inawawasha usoni na mikononi, wakahitimisha kwamba mzigo "umeingia." Kuwashwa huko ni tabia inayojulikana ya beta-alanini, hakuna madhara yake ya kutisha, lakini hakumaanishi kwamba msuli umeanza kukua, sawa na pilipili kichaa isivyomaanisha kwamba mboga ina vitamini. Na imani peke yake hunyanyua vyuma. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Ariel na Saville, waliwaambia wanamichezo wa chuo kwamba wanapewa Dianabol, dawa ya kujenga misuli, kumbe walikuwa wakiwapa vidonge visivyo na kitu. Nguvu za vijana hao zilipanda kwa kasi kuliko zilivyokuwa zikipanda kabla ya vidonge. Lau wangeombwa nyota, wangetoa tano, na wangekuwa wakweli kama mimi.

Hadi hapo unaweza kudhani kwamba hatari ya kuamini maoni ni kupoteza fedha tu. Kuna sehemu moja iliyonitia baridi, na ni kinyume cha nilivyotarajia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwezi Julai 2009 kuhusu bidhaa za kutunisha misuli zilizouzwa kama virutubisho ilhali zina steroidi, yaani dawa za homoni za kukuza misuli, au vitu vinavyofanana nazo, baada ya taarifa za watu walioumia ini na mengineyo. Makopo ya namna hiyo hufanya kazi kweli. Maoni yake huwa mazuri kwa haki kabisa, na kadiri dawa iliyofichwa inavyokuwa kali ndivyo sifa zinavyozidi. Tangu nijue hivyo, kopo linalosifiwa kwamba limembadilisha mtu kwa mwezi mmoja hunifanya nirudi nyuma hatua mbili, wakati zamani lilikuwa linanifanya nitoe simu.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini Tanzania ulitoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ukaenda shirika la viwango, TBS, na mamlaka iliyobaki, TMDA, ikashika dawa na vifaa tiba. Kopo langu halikuwa na alama ya TBS, wala jina la aliyeliingiza nchini, wala anwani. Dukani sithubutu kumuuzia mkulima mfuko wa mbegu usio na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, lakini tumboni mwangu nilimwaga kilo 3 za kitu ambacho mwenyewe hakujitambulisha.

Sikuacha mazoezi. Kopo lilipoisha nilikuwa na kilo 61.6, sasa nikijipima asubuhi na kaptula. Wiki nne baadaye, bila kopo, zilikuwa 60.2. Kwa wiki nane zilizofuata nilikunywa lita moja ya maziwa kila siku, ambayo mama mmoja wa Uyole huniuzia shilingi 2,000 na ambayo ina protini inayokaribiana na ile ya kipimo kimoja cha kopo, nikaongeza maharage na karanga, nikafika 61.9. Siandiki hili kama ushuhuda wa maziwa. Na hilo pia halina kipande cha pili. Dada anasema kwamba kama lazima ninunue kitu, ninunue kreatini tupu, gramu 3 hadi 5 kwa siku, kwa kuwa imechunguzwa kwa miongo mingi na kwa kuwa kopo lenye kitu kimoja halina mahali pa kuficha kiasi. Bado sijanunua.

Niliyarudia pia maoni yangu. Badala ya nyota tano niliweka mbili, nikaandika tarehe nilizojipima, sweta, viatu, wali, kwamba nilikuwa na miezi miwili tu ya mazoezi, kikaratasi cha punguzo, na kwamba wasiovumilia maziwa mabichi wajihadhari na wasinywe usiku. Yalikuwa marefu na yasiyovutia, na baada ya siku tatu hayakuwapo tena. Ya "misuri" bado yapo yote matatu.

Kijana wa bajaji naye hakutuma neno lake. Alijaribu kuuza nusu iliyobaki, dhamiri ikamsuta, akaimwaga, na kopo akampelekea mama yake anayeishi Iyunga. Nilipopita kuwasalimu mwezi Machi, mama alilitoa kabatini, akahangaika nalo kidogo kabla halijafunguka, akanimiminia karanga kiganjani. Kifuniko kinafunga barabara kweli. Zilikuwa karanga za tangu Krismasi, na bado zilikuwa zinavunjika mdomoni.